Jina Lililosikika Nusu

Mama mwenye binti, haya niandikayo yasome mpaka mwisho. Ukiishia katikati utakuwa umefanya kile kile kilichotutia matatani hapa Navara.

Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka. Kila jioni redio ilikuwa na lake. Waziri huyu kauza hati za kusafiria kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga mchanga wetu. Yule kanunua meli ya serikali, na mpaka leo hakuna aliyeiona bandarini. Wabunge wamehama upande, wamefungiwa hotelini wanalishwa kambakochi wasije wakahama tena. Kesho kura ya kutokuwa na imani, keshokutwa serikali mpya, na ndani ya serikali mpya ni sura zile zile zimebadilishana viti. Hujamaliza kumkasirikia wa Jumatatu, wa Jumatano kashaingia. Mwanzo tulikuwa tunatukana, tunasema safari hii watafungwa. Baadaye tukawa tunacheka. Halafu hata kucheka tukaacha, mtu akisikia habari anakunja uso kama aliyeguswa jino bovu, basi, anageukia mambo yake.

Hata watoto walikuwa wameambukizwa. Binti yangu Leipakoa anafundisha chekechea ya mtaa, na siku moja alirudi akanieleza kwamba watoto wamempindua kiongozi wa foleni ya kunawa mikono. Waliingia chini ya meza wakanong'onezana, wakahongana biskuti, kisha wakatoka na kutangaza kuwa hawana imani naye. Aliyewekwa badala yake alidumu mpaka saa ya kula.

Mimi nauza chakula mbele ya nakamali ya mzee Toara, pale jioni watu wanapokunywa kava, maji ya mizizi yanayolegeza mwili. Mtu akishamaliza kifuu chake cha kava anataka kitu cha kuondoa uchungu mdomoni, ananikuta na samaki wa kuchoma, magimbi na shelisheli. Kava inataka utulivu. Watu wanakaa kwenye mabenchi, wanasikiliza miili yao, wanaongea kwa sauti ya chini. Sasa jioni moja zikatoka habari za mabati, na watu wazima wakainuka kwenye mabenchi hayo wakapigana.

Mabati haya ni yale ya msaada, yaliyoletwa baada ya kimbunga. Tuliyaona kwa macho yakishushwa melini, yakaingizwa ghalani, na ghala lilipofunguliwa lilikuwa tupu. Nusu ya Navara bado inalala chini ya maturubai. Mmoja wao ni Tabi, kijana wa kisiwa cha Pentekoste mwenye mke na kichanga. Tabi alisema waziri achapwe hadharani. Jirani yake kwenye benchi, ambaye waziri ni wa kisiwa chao, akamtupia kifuu usoni. Kilichofuata sikielezi, ila samaki wangu wote waliishia mchangani.

Asubuhi chifu wetu akaja na jani la namele, akalifunga kwenye nguzo ya nakamali, juu kidogo ya redio. Kwetu jani hilo likishafungwa hakuna mjadala, kilichokatazwa kimekatazwa, na atakayevunja atalipa nguruwe. Chifu akasema matangazo ya vifo na ya meli yasikilizwe kama kawaida, maana bila hayo hatuwezi kuishi, lakini habari zikianza tu, redio izimwe. Unadhani watu walinuna? Walipiga makofi. Mzee Toara alisema lingefaa zaidi kufungwa shingoni mwa bunge lenyewe.

Matangazo haya ni ujumbe wa watu kwa watu, unaosomwa jua likizama. Fulani wa Epi anaarifiwa mama yake hajiwezi, aje na meli ya kwanza. Wenye kopra waiteremshe gatini mapema. Fulani amefariki, maziko ni kesho. Hapo hata aliyelegea kwa kava anatega sikio, kwa sababu huwezi kujua ni jina gani litasomwa. Ujumbe wa mwisho ukiisha, papo hapo, bila hata wimbo katikati, habari zinaanza. Na Toara ni mzee, alifanya kazi miaka mingi kwenye injini za meli na magoti yake yameisha. Mpaka ainuke, ajikokote, afikie kitufe, msomaji anakuwa ameshasema maneno machache. Kwa hiyo kila jioni tulikuwa tunasikia kichwa cha habari bila kiwiliwili.

Jioni ninayoisema, maneno machache yalikuwa haya: "Polisi wamemhoji Leipakoa Kalmet kuhusu mabati ya..."

Halafu kimya.

Nilikuwa nageuza samaki. Nilipoinua uso, mabenchi yote yalikuwa yananitazama, na nilipowatazama wao, wakatazama chini.

Marehemu mume wangu aliitwa Kalmet. Binti yangu ni Leipakoa. Lakini katika visiwa vyetu jina ni la kurithi, mtoto anapewa la bibi au la shangazi, na kina Leipakoa wamejaa kila kisiwa, na kina Kalmet vile vile. Nikasema pale pale kwamba huyo ni mwingine. Nikamwomba Toara awashe tena tusikie mwisho wake. Akalitazama jani, akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "nguruwe nitamtoa wapi?"

Nikaacha samaki motoni nikakimbia nyumbani. Redio yetu ndogo nilipoiwasha ilikuwa imeshafika kwenye mpira. Leipakoa ndiye aliyeitafuta habari kwenye simu yake, akaipata yote. Aliyehojiwa ni Leipakoa Kalmet, karani katika ofisi ya waziri, mzaliwa wa kisiwa cha Emae. Sisi ni watu wa Tongoa. Imeandikwa wazi kabisa, ukisoma mpaka mstari wa tatu unaona. Nikashusha pumzi. Nikamwambia mwanangu asijali, kesho tutawaonyesha watu na mambo yatakwisha. Yeye alikuwa bado anaushika ule mstari wa tatu kwa kidole kana kwamba utakimbia.

Kesho yake watoto wachache tu ndio walioletwa chekechea. Wengine walikuwa na kikohozi, wengine tumbo, wengine wamekwenda kwa bibi zao. Na jambo moja lilizidisha shaka, nalo ni paa. Chekechea ina paa jipya. Akina mama wa kanisa walilinunua wao wenyewe kwa kuuza keki na mikeka, mwaka mzima, mimi mwenyewe nilisuka mitatu. Lakini jua likipiga, paa lile linang'aa mpaka barabara kuu, na kuzunguka pande zote ni maturubai ya bluu. Nilisimama dirishani nikawaona watu wakipita, wanapunguza mwendo, wanainua macho, kisha wanaendelea. Hakuna aliyeuliza kitu.

Nilichukua ile simu nikaenda nyumba kwa nyumba. Hapa ndipo nataka unielewe vizuri, mama mwenzangu. Watu hawakukataa kwa ubaya. Walikataa kusoma. Mmoja aliniambia macho yanamuuma. Mwingine alisema ameahidi nyumbani kwake kwamba mambo ya mabati hayatajwi tena mbele ya watoto. Nilipofika kwa Rosina, ambaye tumekaa benchi moja kanisani tangu binti zetu wako tumboni, alikuwa anakuna nazi. Nikamsogezea simu. Akaendelea kukuna.

"Mama Leipakoa, mimi sisemi ni yeye," akaniambia. "Ila hata yule wa hati za kusafiria alisema si yeye. Na yule wa meli. Wote husema hivyo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakinizunguka kama nzi. Maneno yote ya mtu asiye na hatia wezi walikuwa wameshayatumia. Si mimi, walisema. Mimi namwachia Mungu, walisema. Leipakoa alijaribu siku hiyo hiyo, wazazi walipokuja kuchukua watoto, akasimama mlangoni na kusema kwamba jina lake limechafuliwa. Mtu mmoja nyuma akapaliwa na kicheko, kwa maana waziri wa meli alisema hivyo hivyo, neno kwa neno, akiwa amevaa tai. Binti yangu aliona. Akaanza kuokota vikombe.

Ijumaa nilimkuta anakunja nguo. Ana binamu kisiwa cha Santo, na meli ya kwenda Santo ilikuwa inaondoka Jumanne. Nilimwambia akiondoka watasema amekimbia. Akasema wanasema tayari. Nilimwambia hii itapita, wiki ijayo kutakuwa na kashfa nyingine na hili litasahaulika.

"Ndiyo hicho, mama," akasema. "Watasahau mabati. Halafu mimi nitabaki mwizi ambaye hakuna anayekumbuka aliiba nini."

Nina mtoto mmoja tu. Baba yake nilimzika nikiwa na mimba yake. Usiku ule sikulala, nilikuwa nainuka kila mara kwenda kusikiliza kama anapumua, kama vile bado ni kichanga.

Jumamosi asubuhi nikasikia ngazi ikigonga ukuta wa chekechea. Nikatoka mbio, hata kanga ya kichwani sikufunga. Alikuwa Tabi na wenzake wawili, wana nyundo na patasi. Hawakuwa wamelewa wala hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walikuwa kama watu waliokuja kuchuma machungwa. Nikaishika ngazi kwa mikono miwili. Wale wawili wakaanza kunitania, mmoja akaniuliza kama nataka kupanda mimi kwanza. Tabi akawanyamazisha.

"Shangazi, sina ugomvi na wewe," akasema. "Mtoto wangu analowa. Mabati yetu yako pale juu."

Nikamwambia mabati yale ni ya keki na mikeka. Nikamwambia aulize kanisani. Akasema kwa upole kabisa kwamba hataki kuuliza tena, ameuliza ofisini, ameuliza kwa mbunge, ameuliza mpaka ulimi umekauka, na kila anayemuuliza ana maelezo mazuri. Mvua haisikilizi maelezo. Lakini mikono yangu ilikuwa kwenye ngazi, na mimi ni mtu mzima, na kijana wa kwetu hamsukumi mama wa umri wangu. Akashusha nyundo. Akasema watarudi Jumatatu wakiwa na chifu.

Kwa hiyo Jumatatu paa, Jumanne mtoto. Nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda mjini, kwenye ofisi ya redio.

Nilikuwa nimewaza njia nzima. Habari hawazisikilizi, simu hawaisomi, mdomo wangu hawauamini. Kilichobaki ni matangazo. Mtu wa Navara anaweza kuizima serikali nzima kwa kidole, lakini tangazo la kifo au la meli hatalizima. Nikafika dirishani, nikampa msichana wa mapokezi karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kwamba binti yangu Leipakoa Kalmet si yule aliyehojiwa na polisi. Akaisoma, akanirudishia.

"Hiyo ni siasa, mama. Matangazo ni ya vifo, meli, mikutano na salamu za jamaa." Akashusha sauti. "Wiki hii peke yake wamekuja wanaume wenye tai, kila mmoja anataka nimsomee kwamba si yeye."

Nikamweleza. Akanihurumia kweli, lakini kanuni ni kanuni. Nikaenda kukaa kwenye benchi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Mwanamke anatangaza kumbukumbu ya mumewe. Mzee anatafuta mbuzi. Kisha akaja bwana mmoja mnene mwenye sauti kubwa, akaagiza salamu ziende Malekula kwa somo yake, mtu anayeitwa jina lake, kwamba asisahau nguruwe aliyemwahidi Pasaka, na kama amesahau basi alirudishe jina. Watu wote kwenye benchi wakacheka, hata mimi.

Halafu nikaacha kucheka. Kwetu mtu wa jina lako si mgeni. Ukikutana naye unamwita somo, mnapeana mkono, mnapeana zawadi, mnaketi kula hata kama hamjawahi kuonana. Na salamu kwa somo zinasomwa redioni kila siku ya Mungu.

Nikaomba kalamu. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nikampelekea yule msichana. Akakata maneno mawili yaliyotaja polisi, mengine akayaacha. Alipofika mwisho alikuwa anajiuma midomo asicheke.

"Mama, wewe ungefaa bungeni."

"Usinitukane, mwanangu," nikamwambia.

Jioni sikuuza chakula. Nilisimama tu pale mbele ya nakamali, mikono imefumbata gauni. Matangazo yakaanza. Kifo kimoja cha Paama, watu wakasikitika. Meli ya Santo haijabadilisha siku, bado ni Jumanne. Mbuzi wa yule mzee. Kisha nikasikia jina langu, na sauti ya redio ikasoma taratibu, kama wanavyosoma kila kitu:

"Leisavi wa Navara, mtu wa Tongoa, anamsalimu somo ya binti yake, yaani Leipakoa Kalmet wa Emae, karani wa ofisi ya waziri. Anamwalika kesho baada ya ibada aje chekechea ya Navara kula laplap na somo yake, Leipakoa Kalmet mwalimu, kwa kuwa wawili hawa hawajawahi kuonana. Wazazi wote wa chekechea wanakaribishwa."

Habari zikaanza, na Toara akawa amesahau kuinuka, mpaka mtu akamkumbusha nguruwe. Akazima. Kisha sauti ikatoka kwenye benchi la nyuma, kumbe wako wawili. Mwingine akasema hata yeye alikuwa anashangaa, mwalimu wa chekechea na waziri wapi na wapi. Sasa kila mmoja alikuwa hakuamini tangu mwanzo. Tabi yeye alikuwa anakizungusha kifuu chake kitupu mkononi.

Toara akanisogelea. "Na asipokuja, shemeji? Watasema umejitungia."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nililiwaza usiku mzima.

Nilipomweleza Leipakoa alinikasirikia, akasema nimemwita mwizi nyumbani kwetu na kumpikia. Lakini alfajiri nilimkuta ameshawasha moto, anapanga mawe. Tukakuna magimbi ya laplap pamoja, tukamwagia tui, tukafunga kwenye majani, tukafukia. Begi lake lilikuwa bado mlangoni.

Baada ya ibada watu walikuja, wengi kuliko wazazi wa watoto, maana laplap ni laplap na udadisi ni udadisi. Walikaa kwenye vile viti vidogo, magoti yamefika mashavuni. Rosina alikuja na ndizi. Tukangoja. Watoto wakaanza kulia njaa. Nilishaanza kuona watu wanapeana macho, na mtu mmoja akauliza kama huyo karani naye amehama upande.

Akaja kwa miguu, peke yake, mkeka kwapani. Nilikuwa nimetazamia mwanamke wa ofisini, mwenye viatu vya kugonga. Alikuwa msichana. Amekonda, macho yamevimba, umri wa binti yangu au chini yake. Akasimama mlangoni akiwa hajui aingie au arudi, akasema amesikia ameitwa. Bibi yake yuko Emae anaumwa, kwa hiyo hakosi matangazo.

Leipakoa wangu alikuwa nyuma ya meza. Nilimwona anavyomtazama, na sikujua atafanya nini. Kisha akazunguka meza.

"Somo," akamwambia. "Umechelewa, chakula kinapoa."

Yule mtoto akaanza kulia, wakashikana, na mkeka ukaanguka katikati yao. Watu wakapiga makofi. Rosina akaja kumbusu binti yangu mashavu yote mawili. "Unajua tena, mwanangu," akasema, "tulikuwa tumechoka." Wengine wakasema vile vile, tulikuwa tumechoka, habari zimezidi, wala hakuna aliyesema samahani. Leipakoa aliwaitikia kwa kichwa. Mimi nilishaanza kumshukuru Mungu moyoni, nikahesabu kwamba paa limepona na mtoto kabaki.

Tukala. Katikati ya kula Tabi akainuka na sahani yake, akaenda kukaa mbele ya yule mgeni.

"Dada, mimi sitaki kukuudhi," akasema. "Mabati yetu yako wapi?"

Nilimwonea mgeni huruma, nikataka kuingilia. Lakini yule msichana alifuta vidole vyake, na nadhani alikuwa amesubiri kuulizwa hivyo, kwa sababu alianza kujibu mara moja. Akasema alipewa karatasi za kutia sahihi, kwamba mabati yamepelekwa visiwani. Hayakwenda visiwani. Yalikwenda kwa kampuni moja, na kampuni hiyo ni ya kampuni nyingine, na hiyo nyingine ina jina la mke wa mtu, na mtu huyo si waziri bali ni wa upande wa pili, wale wanaopiga kelele bungeni. Ili kuelewa hilo lazima uanze na mkutano uliofanyika kabla ya kimbunga.

Nikawatazama watu. Nakuapia, ilikuwa kama kuona moto unavyozimika. Macho yakaanza kuhama. Mmoja akamkumbuka mgonjwa wake. Mwingine akasema ana nguo kambani na mawingu yale hayaaminiki. Rosina akachukua sufuria yake kabla ndizi hazijaisha. Mzee Toara alijikongoja mpaka mlangoni, akamwambia msichana kwa wema kabisa, "Binti, habari hizo kwetu zina jani." Walikuwa na nguvu ya kumchukia mtu wiki nzima, ila robo saa ya kumsikiliza hawakuwa nayo. Tukabaki wanne kati ya viti vidogo: yeye, Tabi, binti yangu na mimi.

Msichana hakushangaa. Alisema ndivyo walivyomwambia ofisini. Wamemtaka Jumanne, polisi watakapomwita tena, aseme alifanya peke yake. Watu watasikia siku moja, wamemwambia, siku ya pili watakuwa na jambo lingine, naye baada ya muda atatafutiwa kazi mahali. Wametulia kabisa. Kuchoka kwetu wamekuweka katika hesabu zao.

"Utakwenda na nani Jumanne?" Leipakoa akamuuliza.

"Na nani? Mama yuko Emae."

Binti yangu hakunitazama. Angenitazama ningemkataza. Akasema atakwenda na somo yake, na Santo itamsubiri. Nilihisi kama mtu aliyevuta kamba kwa nguvu zote kumtoa mwanawe majini, halafu mwana akatua nchi kavu, akageuka, akarudi majini kwa miguu yake mwenyewe. Nilisema. Nilisema mengi, kwamba jina limesafishwa jana tu, kwamba watu wale ni wakubwa, kwamba hatuna mwanamume nyumbani. Tabi akasema yeye atakuja, akachukua nyundo yake, aliyokuwa ameiacha nyuma ya mlango, akaenda zake bila kulitazama paa.

Basi wewe mama, hilo ndilo ninalokuonya. Nakuruhusu uchoke. Mimi mwenyewe nimechoka mpaka mifupani. Lakini siku utakapozima habari katikati, nusu iliyobaki haifi. Inazurura mtaani kutafuta mtoto wa mtu wa kumkalia, na siku moja itaujua mlango wako.

Jumanne tulikwenda, wao wawili mbele, Tabi pembeni, mimi nyuma na kikapu cha magimbi kwa sababu hujui mtu atawekwa muda gani. Askari wa mapokezi alikuwa amelaza shavu kiganjani. Akauliza jina bila kuinua macho.

"Leipakoa Kalmet."

"Na wewe?"

"Leipakoa Kalmet."

Akaweka kalamu chini. Akasema hana nguvu za mchezo asubuhi hii, tangu wiki iliyopita hajalala kwa ajili ya mambo ya wakubwa, kila mtu anakuja na lake, kwa hiyo tuseme kwa kifupi tunataka nini.

Nilisogeza kikapu changu mpaka mezani pake, nikatoa gimbi moja la moto, nikaliweka mbele yake.

"Kula kwanza, baba," nikamwambia. "Kwa kifupi haiwezekani."